Tundu la Juu

Sanduku lilishuka Mkoani kwa boti ya Jumanne,
likapanda Wete juu ya gari la mbatata,
limeandikwa kwa kalamu nene: TIME NGWALI, UTAANI.
Kaka yake, huko Maskati, kasikia kipupwe kimekaza
na dada yumo ndani, siku ya tisa ya arubaini.
Akaona makaa ni mambo ya kale.

Nikalifungua mimi, Faki, fundi wa mabomba,
niitwaye pia kwa pasi, pampu na milango inayolia.
Ndani: magogo matatu.
Si mkarafuu, si mwembe, si mkandaa.
Udongo uliochomwa, ukapakwa rangi ya gome;
hata fundo la tawi wamelitia, hata ufa.
Mtoto wa jirani akaligusa, akanusa kidole:
"Kuni hizi waongo."

Nikasema moyoni, uongo wao si huo.
Wameandika moto huu hautaki bomba la moshi,
na mtu husoma: hautaki hewa.
Moto ni mgeni mnayekula naye sahani moja.
Humwoni akitafuna. Sahani ndiyo inayopungua.

Bi Mafunda, mkandaji, alikuwa keshaziba kila pahala:
dirisha kwa kanga mbili,
chini ya mlango gunia.
"Upepo ukimwingia mzazi, utamtoa wewe?"

Sikumjibu kwa vitabu.
Nilimpa habari ya Hamad wa mamangu mdogo,
seredani yake, chumba cha uani, usiku wa masika.
Asubuhi tulivunja kitasa.
Seredani ilikuwa ingali na joto.
Yeye midomo myekundu,
kama mtu aliyetoka kuchekeshwa.
Gesi ya mtungi, Bi Mafunda, imetiwa harufu makusudi, itushtue.
Ile nyengine, ya moto uliokosa hewa, haikutiwa kitu.
Huja kama usingizi, na ukiiuliza jina
hujiita usingizi.

Akaendelea kulikunja gunia,
lakini polepole.

Kazi yenyewe, basi.
Mtungi nje, kivulini, wima,
mbali na shimo la maji machafu,
maana gesi hii nzito, hupenda kulala mashimoni.
Mpira mpya, si ule wa jikoni uliopasuka kama kisigino.
Bana huku, bana kule.
Povu la sabuni ya mche kwenye kila kiungo;
Time kitandani akauliza, "Leo unafua, Faki?"
Nikamwonyesha povu moja likivimba kama jicho la chura,
likapasuka, likavimba tena.
Nikakaza nusu mzunguko.
Likatulia.

Pazia nikalisogeza hatua tatu. Chandarua cha mtoto, nne.

Kisha nikatazama juu.
Nyumba hii aliijenga babu yao kwa mawe na chokaa,
na waashi wale walijua:
chini ya dari, ukuta huu na ule, waliacha matundu.
Watu wakayaziba kwa saruji, mwaka wa popo.
Nikagonga. Ukuta ukaitika kama mtungi mtupu.
Patasi, nyundo, vumbi la babu machoni,
halafu mwanga, mwembamba kama uzi wa kushonea kofia.
Nikatia wavu, popo wabaki kwao.
La pili lilinichelewesha hadi alasiri.

Bi Mafunda akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa,
akatia kiganja.
"Unapita juu," akasema. "Haumshukii."
"Unapita juu."
"Na muda?"
"Saa moja, wakati wa kukanda. Mwako uwe buluu;
ukigeuka manjano, ukaleta masizi, funga, niite.
Kulala nao, hapana. Hata mkichoka.
Hata mtoto akinyamaza, ndiyo kwanza mkapata kuchoka."

Jioni kaka akapiga simu ya picha:
"Haya, nionyesheni magogo!"
Time akaielekeza simu darini.
"Mbona naona ukuta umetobolewa?"
Akacheka, akacheka, mpaka mkaja ukamlegea,
na Bi Mafunda akaja kuufunga upya,
akinitupia jicho mlangoni:
nusu mzunguko.